Si Jini Mahaba, ni Ubongo: Tuacheni Kuwavunjia Ndoa Watoto Wetu



Leo sina mtindo mpya wa hina wala namna ya kufunga mtandio. Nina hasira, na nimeiweka moyoni muda mrefu nikingoja ipoe. Haikupoa.

Wengi wenu mnajua kuwa mume wangu ni Mnyambo wa huko Kagera. Wifi yangu anaishi Rubwera, makao makuu ya Wilaya ya Kyerwa, ile iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Kutoka Unguja ni safari hasa: boti hadi Dar, basi hadi Bukoba, kisha Kyaka, Kayanga, Omurushaka na bado unasonga mbele kwenye migomba na mibuni. Nilikwenda na hina yangu, udi na liwa kwa ajili ya binti wa wifi yangu, aliyekuwa anaolewa. Mie ndiye mkaza mjomba wake, na nilimuahidi tangu mdogo kuwa siku yake nitampamba kipwani.

Usiku wa hina, mkono mmoja umeshakauka na wa pili ndiyo kwanza ninauanza, mtoto akanitazama kama hanioni. Kisha akaanguka. Macho yalipinduka, meno yakakazana, mwili mzima ukatikisika. Haikuchukua zaidi ya dakika mbili, lakini katika dakika mbili hizo niliona mambo yote tunayoyakosea wanawake. Mmoja alipiga kelele, "Msimguse, mate yake yanaambukiza!" Mwingine alikuja na kijiko amtie mdomoni. Watatu walikimbilia mlangoni. Na bibi mmoja wa heshima zake, tasbihi mkononi, akatoa hukumu: "Huyu ana jini mahaba. Jini hataki aolewe."

Hukumu ile ilifika kwa wakwe kabla mtoto hajafumbua macho. Asubuhi upande wa bwana harusi wakatuma mtu. Akdi haikufungwa.

Baadaye, tukiwa jikoni sisi wawili, wifi yangu akaniambia kwa kulia lile ambalo alikuwa hajamwambia mtu. Binti alikuwa na kifafa tangu darasa la tano. Alipewa vidonge, akakaa miaka bila kuanguka. Posa ilipokuja, mashoga wakamshauri mama: muachishe dawa, wakwe wakiviona watakimbia. Akamuachisha. Wiki tatu baadaye, pamoja na kukesha kwa ngoma na wageni, ikawa yale niliyoyaona.

Basi nasema wazi, na binti ameniruhusu niseme: jini halikuivunja ndoa ile. Tuliivunja sisi wanawake, kwa ulimi, kwa siri, na kwa kutojua kilichomo ndani ya vichwa vyetu wenyewe.

Kilichomo kichwani

Ubongo ni kiungo, kama ini, kama figo. Wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.3 au 1.4 hivi, pungufu ya kifuko cha kilo mbili za unga. Ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unakula karibu asilimia 20 ya nguvu zote mwili unazotumia. Ndani yake mna chembe za fahamu zinazokadiriwa kufika bilioni 86, na kila moja inazungumza na wenzake kwa umeme mdogo sana na kwa kemikali.

Tena kila sehemu ina kazi yake, kama vyumba vya nyumba. Mbele, nyuma ya paji la uso, ndipo mnapopangwa mambo, mnapoamuliwa, mnapozuiwa ulimi usiseme lisilofaa. (Wapo ambao chumba hicho kina kufuli, lakini tuyaache.) Pembeni karibu na masikio ndipo panaposhughulikiwa sauti na kumbukumbu, na kwa ndani kidogo, hofu. Kisogoni ndipo macho yanapopeleka habari zake. Chini ya kisogo kuna ubongo mdogo unaotupa mizani tusiyumbe tunapotembea. Na shina la ubongo, linaloungana na uti wa mgongo, ndilo linaloendesha pumzi hata tukiwa usingizini. Upande wa kulia wa ubongo unauongoza mkono wa kushoto, na wa kushoto unauongoza wa kulia.

Sasa chukua nyumba yenye waya bilioni. Siku moja kundi la chembe linatoa umeme wote kwa pamoja, bila mpango. Hicho ndicho kifafa. Basi. Ikitokea sehemu inayoongoza mkono, mkono unacheza peke yake. Ikitokea pembeni, karibu na sehemu ya harufu na hofu, mwenyewe anaweza kunusa kitu ambacho hakipo, au kushikwa na hofu ya ghafla, au kuona kama mahali pageni aliwahi kupafika. Akisema "nasikia harufu ya kitu kinaungua," nyie mnasema jini limeomba buhuri! Na umeme ule ukienea ubongo mzima, mtu anapoteza fahamu na kuanguka.

Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 50 duniani wana kifafa, na kwamba hadi asilimia 70 yao wangeweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa inayofaa. Dawa ya fenobabitoni inatumika kwa kifafa tangu mwaka 1912 na bei yake ni ndogo. Nawauliza: jini gani hilo linalotii kidonge kwa miaka zaidi ya mia moja?

"Lakini dini inasema majini wapo"

Najua mtaniandikia hili, kwa hiyo nalijibu mapema. Ndiyo, majini wapo, Qur'ani imewataja, na mie nayaamini yote yaliyoteremshwa. Swali langu si kama wapo. Swali langu ni nani aliyekupa wewe mamlaka ya kumpachika jini mtoto wa mwenzio ndani ya dakika mbili, ukiwa na sahani ya biriani mkononi.

Mnaijua habari ya mwanamke mweusi iliyopokewa na Ibn Abbas na kuandikwa na Bukhari na Muslim. Alikuwa akianguka, na nguo zikimvuka. Alikwenda kwa Mtume (S.A.W.) akaomba dua. Akapewa hiari: asubiri apate Pepo, au aombewe apone. Akachagua subira, ila akaomba asiwe anavukwa na nguo anapoanguka, na akaombewa hilo. Hebu tazameni. Hakufokewa. Hakuambiwa ana laana. Hakufukiziwa moshi wala kupigwa. Na Ibn Abbas alimuonyesha mwanafunzi wake kuwa huyo ni mwanamke wa Peponi. Huyo mwanamke angekuwa Rubwera usiku ule, sisi tungemkimbia mlangoni.

Ibn al-Qayyim, katika Zad al-Maad, aliigawa hali ya kuanguka mafungu mawili: moja la pepo, na moja la maradhi ya mwili ambalo matabibu wanalijua na kulitibu. Na alisema huenda mwanamke yule alikuwa wa fungu hili la pili. Kabla yake Ibn Sina alikuwa ameshakiandika kifafa pamoja na magonjwa ya kichwa na ubongo katika Qanun yake, karne ya 11. Wanazuoni wetu walijua hili miaka elfu iliyopita. Sisi wenye simu janja ndio tumerudi nyuma.

Sipingi kusoma. Msomee mtoto Fatiha, Ayatul Kursiy, Falaq na Nnas, usiku na mchana. Lakini msomee na umpe kidonge chake. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tujitibu, na ametufundisha kuwa kila maradhi yana dawa yake. Anayekwambia uache dawa ili kisomo kifanye kazi, muulize kama yeye akivunjika mguu haendi kufungwa hogo.

"Walimpima, hawakuona kitu"

Hili nalo nalisikia sana: hospitali wamemchukua damu, wakampima kila kitu, safi kabisa; basi ni jini. Hapana, dada yangu. Kwanza, kifafa hakionekani kwenye damu. Hata kipimo cha EEG kinachosoma umeme wa ubongo kinaweza kutoka safi siku ambayo umeme umetulia. Daktari anategemea sana maelezo ya aliyeshuhudia: alianzaje, upande gani ulitikisika, dakika ngapi. Ndiyo maana aliyekimbilia mlangoni hana msaada hata kwa daktari.

Pili, wako wanaoanguka au kutetemeka bila kifafa kabisa, kwa sababu ubongo umebeba mzigo mzito na mwili ukausema. Ushahidi mashuhuri wa ubongo kuusukuma mwili namna hii umetoka Kagera hiyohiyo. Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache tu baada ya Uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni pale Kashasha walianza kucheka na kulia bila kuweza kujizuia. Yakaenea, na wasichana 95 kati ya 159 wakapatwa. Shule ilifungwa tarehe 18 Machi. Watoto wakarudi makwao, na katika kijiji cha Nshamba wakapatwa watu 217. Madaktari Rankin na Philip waliochunguza na kuandika taarifa mwaka 1963 walitafuta sumu, wakatafuta vijidudu, wakatafuta kwenye chakula. Hawakupata. Waalimu hawakupatwa, ila watoto.

Wataalamu waliolichambua baadaye wengi wanalieleza kuwa ni ubongo wa vijana waliobanwa: wasichana wa miaka 12 hadi 18, mbali na mama zao, chini ya ukali, katika nchi inayobadilika kila kitu kwa mara moja. Hawakuwa wakijifanya. Maumivu yalikuwa ya kweli, na hayakuhitaji jini ili yawe ya kweli. Leo binti anayeozwa kwa haraka, asiyeulizwa, asiyelala, akianza kutetemeka wiki ya harusi, labda ubongo wake unasema lile ambalo mdomo umekatazwa. Muulizeni mtoto kabla ya kumuuliza jini.

"Kwetu hatuna maradhi hayo"

Tena kwa majivuno! Kifafa kinaweza kumpata yeyote. Malaria kali iliyopanda kichwani utotoni, homa ya uti wa mgongo, kuzaliwa kwa shida na kukosa hewa, kuanguka na pikipiki: vyote vinaweza kuacha kovu kwenye ubongo. Wengine sababu haijulikani.

Na hili wengi hamulijui: kuna mnyoo wa tegu wa nguruwe, ambao mayai yake yakiingia mwilini huweza kuota vifuko kwenye ubongo na kuleta kifafa. Utasema, mie sili nguruwe. Mayai hayo hayako kwenye nyama. Yanatoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye mnyoo, na yanakufikia kwa mikono isiyooshwa, mboga na maji machafu. Mwaka 1992 madaktari waliandika kuhusu Wayahudi washika dini wa New York, watu wasiogusa nguruwe kabisa, waliopata ugonjwa huo. Kwa hiyo sabuni na choo safi ni kinga ya ubongo, na tohara yetu ina hekima kuliko tunavyodhani.

Kitu ambacho hakimo kwenye orodha ni mate. Kifafa hakiambukizi. Louise Jilek-Aall, daktari aliyeanzisha kliniki ya kifafa Mahenge mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliwakuta wagonjwa wenye makovu mabaya ya moto. Walikuwa wameangukia mafiga, na watu waliogopa kuwagusa. Fikiria unaungua na jirani anakutazama kwa sababu anaogopa mate yako.

Sheria, siri na akdi

Tusidhani ujinga huu ni wa vijijini tu. Sheria ya Ndoa ya Tanzania Bara, ilipotungwa mwaka 1971, iliandika kuwa ndoa inaweza kubatilishwa na mahakama iwapo mmoja wa wanandoa, wakati wa kufunga ndoa, alikuwa na mashambulizi ya kurudiarudia ya wazimu au kifafa. Wazimu na kifafa, mstari mmoja! Na mwaka huohuo 1971 Uingereza, iliyokuwa na kifungu kama hicho, ilikifuta kwao. India ikakifuta kifafa kwenye sheria ya ndoa za Wahindu mwaka 1999. Wanasheria wanawake mnaosoma hapa, kazi hiyo nawaachia.

Lakini msiitumie sheria kama kisingizio cha kuficha. Wifi yangu nampenda, na nilimwambia usoni: kuficha ni kosa. Kuficha kwake ndiko kulikomuangusha mtoto, kwa sababu ili ufiche lazima uache dawa. Ndoa ni amana, na mwenzio ana haki ya kujua. Namna ya kusema ipo. Posa ikishakuwa ya kweli, kabla ya mahari, walii amwambie muoaji na mzee wake mmoja, faraghani: binti yetu ana kifafa, anatumia dawa hii, hajaanguka tangu siku kadhaa, karibuni twende wote kwa daktari mkaulize. Atakayekimbia, akimbie mapema, na aiweke siri aliyopewa. Atakayebaki, huyo ndiye mume.

Na nyinyi mama wakwe: mwanao akiwa na kifafa mnasema "ana homa za kichwa" na mnamtafutia mke haraka amtunze. Mke akiwa nacho, ni jini. Mizani gani hiyo?

Kwa biharusi mwenye kifafa

Mwanangu, wewe si mkosi. Shika haya, na kila moja lipeleke kwa daktari wako.

Usiache dawa ghafla, hata kwa siku ya harusi. Kukosa usingizi huamsha kifafa, kwa hiyo mwambie somo wako kuwa singo na hina zifanyike mchana na usiku ulale. Anayetaka kukesha na akeshe yeye.

Kabla ya kushika mimba, zungumza na daktari kuhusu dawa yako. Valproati ni hatari kwa mtoto tumboni: kama mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa na kasoro, na wengine huchelewa kukua kiakili. Zipo dawa nyingine zilizo salama zaidi, lakini usibadilishe wala kuacha mwenyewe. Uliza pia kuhusu vidonge vya foliki asidi, vianze kabla ya mimba. Na ujue kuwa fenobabitoni na kabamazepini hupunguza nguvu ya vidonge na vijiti vya uzazi wa mpango.

Ramadhani, uliza kama dawa yako inaweza kupangwa futari na daku. Isipowezekana, Mola wako amemruhusu mgonjwa kula, usiikatae rehema yake.

Na wote, mwenye kifafa na asiye nacho: kifafa cha mimba ni kitu kingine kabisa. Hicho huja na shinikizo la damu la ujauzito. Kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso kuvimba, maumivu juu ya tumbo: hospitali saa hiyohiyo. Ipo sindano yake ya magnesiamu salfeti, na inaokoa. Mama akidegedega akapelekwa kwa mganga badala ya wodini, mnaweza kupoteza roho mbili.

Na sisi wengine

Akianguka mtu mbele yako, muondoe karibu na moto na vitu vikali. Mlaze ubavu, mtie kitu laini chini ya kichwa, legeza mtandio shingoni. Usimtie kijiko, usimtie kidole, usimshikilie kwa nguvu. Tazama saa: zikipita dakika tano, au akianguka tena kabla hajazinduka, mkimbize hospitali. Na mfunike kwa khanga. Yule mwanamke wa Peponi hilo ndilo aliloliomba, sitara, na khanga kila mmoja wetu anayo.

Usiku ule wa Rubwera khanga yangu ilikuwa kiunoni. Nilimfunika mtoto, lakini nilichelewa, kwa sababu na mie niliganda kwa hofu kwanza. Nakiri. Hasira hii ninayo na nafsi yangu pia.

Binti yetu amerudi kwenye dawa, na sasa ni mwezi wa nane hajaanguka. Hajaolewa, na hatumlilii. Hina ya ule mkono mmoja ilishafutika zamani. Nimemwambia mkono wa pili ninamdai, na ana kauli yangu kuwa nitarudi kuumaliza.

Makungwi, masomo, mashangazi, tunaowafundisha watoto kila kitu kuhusu mwili wao tangu unyayo: tupandeni na kichwani.

Wabillahi tawfiq. Wasalaam alaykum.